Basi la mjini: raha ya abiria na uhakika wa kufika. Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa na watu wa aina tatu: abiria aliyechoka, mwenye mtaji anayetaka kuingiza gari barabarani, na ofisa anayeandaa zabuni ya mabasi ya jiji. Nimeyajibu pamoja kwa sababu gari lao ni moja. Mifano mingi imetoka Dar es Salaam na Nairobi. Ile ya London na New York imeingia kwa kuwa miji hiyo imeshajaribu karibu kila umbo la basi, na makosa yao yanajulikana.

Raha na uhakika, kipi kitangulie?

Muulize abiria wa Mbagala anayeanza safari saa kumi na mbili asubuhi, atakujibu uhakika. Kiti kizuri kilichomo ndani ya basi lililolala gereji hakimkalishi mtu.

Hata hivyo mambo haya mawili hayako mbali kama yanavyosemwa. Kinachomchosha abiria ndicho kinacholichosha gari. Mtikisiko unaouma mgongo ndio huo huo unaolegeza bolti, unaopasua bodi kwenye maungio na kukata waya. Joto linalomtoa jasho abiria wa siti ya mbele ndilo linalokausha mipira na mabomba ya injini. Msongamano mlangoni unamkanyagisha mtu miguu, na unauvunja mlango wenyewe. Ndiyo maana nikikagua basi kwa jicho la abiria, mara nyingi nakutana na mambo yale yale ambayo fundi angeniambia.

Nianzie wapi ninapolinganisha mabasi mawili?

Uliza gari lilizaliwa kuwa nini. Mjini kwetu kuna koo nne. Kuna gari dogo la mizigo lililowekwa viti, yaani Hiace na wenzake. Kuna basi dogo lililoundwa kiwandani kubeba watu waliokaa, kama Toyota Coaster, Mitsubishi Rosa na Nissan Civilian. Kuna chesisi ya lori iliyojengewa bodi ya basi, ambayo ndiyo sura ya matatu nyingi kubwa za Nairobi juu ya Isuzu. Na kuna basi lililobuniwa tangu mwanzo liwe la mjini, kama mabasi ya mwendokasi ya Dar es Salaam, yenye njia zao wenyewe.

Rangi, taa, muziki na hata viti unaweza kubadilisha. Asili ya gari hubadilishi.

Hiace bado ina kazi mjini?

Ipo, pembezoni. Barabara nyembamba za vumbi zinazoingia mitaani, ambako abiria ni wachache na basi kubwa haligeuki, zinaifaa sana. Katikati ya jiji ni hasara kwa kila mtu: inashika barabara karibu sawa na gari lingine lolote huku ikibeba watu kumi na kitu. Anayesimama ndani yake anakunja shingo na mgongo safari nzima, na hakuna marekebisho ya kuondoa adha hiyo. Dari lake halikuwekwa kwa ajili ya mtu aliyesimama.

Kwa nini Coaster imedumu miaka yote hii?

Kwa sababu ni gari la kweli. Toyota imekuwa ikiitengeneza tangu 1969, injini zake za dizeli zinasamehe mengi, spea zinapatikana kila mji wenye gereji, na fundi wa Tandale anaijua kama anavyoijua njia ya nyumbani kwake. Kwa mwenye gari, huo ndio uhakika: likiharibika asubuhi, jioni linafanya kazi.

Kwa upande wa abiria ina kasoro moja kubwa, nayo ni matumizi. Coaster ilibuniwa kupeleka wageni hotelini na wafanyakazi kazini, watu wanaopanda mara moja na kushuka mara moja. Kwa hiyo ina mlango mmoja wa abiria, njia nyembamba, na viti vya kukunja vinavyoziba njia hiyo hiyo. Aliyekaa nyuma akitaka kushuka Magomeni, mstari mzima wa katikati lazima usimame, ukunje viti, umpishe, kisha ukae tena. Wakimaliza kukaa, kituo kingine hiki hapa.

Wenye daladala wengi waling'oa viti vya katikati na kupanga vingine ubavuni ili wapate nafasi ya kusimama. Kwa safari fupi za mjini naunga mkono uamuzi huo, mradi vyuma vya kushikia viongezwe. Vingi havikuongezwa. Matokeo yake abiria anashika ukingo wa kiti, bega la jirani, au hewa.

Basi lenye bodi ya kuundwa hapa nyumbani juu ya chesisi ya lori: ni zuri au baya?

Swali hili ndilo linalozusha ubishi zaidi, hasa kwa Wakenya, na linastahili jibu refu.

Lori dogo la Isuzu huja kutoka kiwandani likiwa na injini, chesisi, ekseli na springi. Karakana inajenga bodi juu yake kwa mabomba ya chuma na mabati, inaweka viti, vioo na milango. Faida ni za kweli kabisa. Kazi inabaki nyumbani. Bodi ikigongwa inanyooshwa mtaa wa pili. Injini ya lori imezoea adhabu. Kenya ina kiwango rasmi cha ujenzi wa bodi za magari ya abiria, KS 372, kinachogusa uimara wa fremu, viti na milango ya dharura, na karakana inayokifuata kwa moyo inatoa gari la kuaminika.

Lakini lori lilipigiwa hesabu ya mzigo wa tani kadhaa uliotulia. Springi zake ni ngumu ili zisilale likijazwa saruji. Ukiliweka watu thelathini, uzito ni mdogo kuliko springi zilivyotarajia, kwa hiyo kila shimo linapita moja kwa moja hadi kwenye kiti. Likiwa nusu tupu ndiyo balaa: siti ya nyuma inakurusha.

Jambo la pili ni kimo. Fremu ya lori iko juu, na sakafu ya basi inakaa juu ya fremu. Kwa hiyo ngazi ni tatu au nne, ya kwanza ikiwa mbali na ardhi. Mama mwenye mtoto mgongoni na kikapu mkononi anaipanda kwa kuvutwa na konda. Mzee wa goti bovu anaahirisha safari. Hawa hawahesabiki kwenye mapato ya siku kwa sababu hawakupanda, ndiyo maana mwenye gari haoni kuwa ngazi zake zinamgharimu.

Jambo la tatu ni uzito wa bodi. Karakana isiyo na mhandisi huongeza chuma kila inapohofia ufa, kisha huongeza urembo juu. Kila kilo ya ziada inakula breki, matairi na mafuta, na uzito uliowekwa juu darini unalifanya gari liyumbe kwenye kona.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii: kwa ruti ndefu ya kuingia mjini yenye vituo vichache, basi la namna hii ni mwenzi mzuri. Kwa ruti ya vituo vya karibu karibu, linamtesa abiria na linajitesa lenyewe.

Springi za chuma au mabegi ya upepo?

Mwili wa mtu aliyekaa unaumizwa zaidi na mtikisiko wa juu na chini unaojirudia kati ya mara 4 na 8 kwa sekunde. Springi ngumu za chuma, pamoja na matairi na fremu inayotetema, hupeleka mengi ya masafa hayo hadi kwenye uti wa mgongo. Mabegi ya upepo, yaani mifuko ya mpira iliyojazwa hewa badala ya springi za chuma, hucheza polepole, mara 1 hadi 1.5 hivi kwa sekunde, na yana faida nyingine isiyosemwa sana: vali zake hurekebisha upepo kulingana na uzito, hivyo basi linabaki kimo kile kile likijaa au likiwa tupu.

Upande wa uhakika mambo hugeuka. Springi ya chuma ikikatika jani moja, dereva anamaliza siku taratibu. Begi likipasuka, basi limelala upande na safari imekwisha. Mabegi pia yanataka upepo mkavu na safi. Kikausha upepo kisipobadilishwa kwa wakati, maji na mafuta ya kompresa huingia kwenye vali, na ugonjwa huo haubaki kwenye mabegi tu bali unafika kwenye breki na milango.

Ningechagua upepo kwa basi lolote la mita 12 au zaidi, kwa sharti moja: gereji iwe na ratiba ya kikausha upepo iliyobandikwa ukutani na mtu anayewajibika nayo. Bila hilo, springi laini za chuma zenye shokapu nzima ni bora kuliko upepo uliotelekezwa.

Sakafu ya chini au ya juu?

Ulaya walijibu swali hili kwa sakafu ya chini. Basi la aina hiyo lina sakafu ya takriban sentimita 32 hadi 35 kutoka barabarani na linaweza kuinama zaidi upande wa mlango likifika kituoni. Mtu anaingia bila ngazi. Gharama yake ni kwamba magurudumu yanaingia ndani ya chumba cha abiria na kula nafasi ya viti, na tumbo la gari linakuwa karibu na ardhi. Kwenye matuta yetu, mashimo na maji ya masika, tumbo hilo litasuguliwa.

Curitiba ya Brazili ilipita njia nyingine: iliacha basi juu, ikainua kituo. Bogotá ya Kolombia ikafuata mwaka 2000. Dar es Salaam nayo, mwendokasi ulipoanza Mei 2016 kati ya Kimara na Kivukoni pamoja na matawi ya Morocco na Gerezani, ilichukua mtindo huo huo. Abiria analipa kabla ya kuingia jukwaani, basi linasimama usawa wa jukwaa, na mtu anavuka tu. Injini na ekseli zinabaki chini ya sakafu tambarare, mbali na madimbwi. Kwa hali ya barabara zetu naamini ulikuwa uamuzi sahihi, na sifa hiyo haiondolewi na malalamiko ya msongamano, ambayo nayo ni ya haki.

Mtindo huo unadai vitu viwili. Kwanza, dereva asogee karibu na jukwaa kila mara, kwa sababu pengo la upana wa kiatu linatosha kumzuia mtu wa kiti cha magurudumu na kumtisha asiyeona. Mafunzo ya dereva na alama za barabarani ndivyo vinavyoziba pengo hilo. Pili, basi la jukwaa la juu ni mateka wa majukwaa yake. Ukilipeleka barabara isiyo na vituo vya kuinuliwa, halifai kitu labda liwe na milango ya ngazi upande wa pili.

Milango mingapi inatosha?

Mingi kuliko unavyofikiri. Piga hesabu ya mfano. Kituoni wanapanda na kushuka watu 20. Kwenye mlango mmoja wenye ngazi, huku nauli ikiulizwa, kila mtu anachukua sekunde 3 kwa wastani: dakika nzima. Kwenye milango mitatu bila ngazi, nauli ikiwa imeshalipwa, kila mtu sekunde moja na nusu: sekunde 10. Ukiwa na vituo 20 njiani, tofauti inakaribia dakika 17 kwa safari moja. Hakuna injini itakayokurudishia dakika hizo kwenye foleni ya Morogoro Road.

Upana nao ni muhimu. Mlango wa mtu mmoja mmoja unalazimisha wanaoshuka wamalize kwanza, na wanaopanda hawasubiri. Mlango wa watu wawili unaruhusu mikondo miwili.

Lakini mlango ndicho kifaa kinachofanya kazi kuliko vyote kwenye basi la mjini, mamia ya mara kwa siku, na ni miongoni mwa vinavyoharibika mara nyingi. Unapolinganisha magari, usitazame tu mlango unavyofunguka vizuri siku ya maonyesho. Uliza: silinda yake inafikiwa kwa kufungua kifuniko kimoja au kwa kung'oa dari? Ukikwama, dereva anaweza kuufunga kwa mkono na kuendelea na milango iliyobaki?

Mabasi marefu yenye kiungo cha kati ni salama na ya kudumu?

Wakazi wa siku nyingi wa Dar es Salaam wanayakumbuka Ikarus za UDA, shirika la mabasi la jiji, kwa hiyo si kitu kigeni. Ikarus 280 ya Hungaria ilikuwa miongoni mwa mabasi marefu yaliyotengenezwa kwa wingi zaidi duniani, zaidi ya 60,000. Injini yake ilikaa chini ya sakafu ya sehemu ya mbele na kuzungusha ekseli ya kati, hivyo sehemu ya nyuma ilikuwa inavutwa tu. Mengi ya siku hizi yana injini nyuma kabisa, inayosukuma gari zima kutoka mwisho. Mpangilio huo unaruhusu sakafu kushuka na kelele kubaki nyuma, ila kiungo kinahitaji mfumo wa kudhibiti mkunjo ili basi lisijikunje kwenye utelezi. Mfumo huo ukizembewa, dereva analazimika kusimama.

London iliyaingiza mabasi ya mita 18 mwaka 2002 na kuyaondoa kabisa kufikia Desemba 2011. Yalibeba watu wengi na milango yake mitatu ilipunguza muda wa vituo. Tatizo lilikuwa mitaa: kona nyembamba, waendesha baiskeli, makutano yanayozibwa na mkia wa basi. Basi la mita 18 linataka barabara yake yenyewe. Dar es Salaam iliipa, na ndiyo maana pale Kimara linafanya kazi ambayo katikati ya London lilishindwa.

Kwa abiria, epuka kusimama juu ya kiungo chenyewe ukiweza. Sakafu yake inazunguka chini ya miguu.

Kiyoyozi au madirisha ya kufunguka?

Vyote viwili. Sitakubali zabuni yenye kiyoyozi na vioo visivyofunguka kwa jiji la pwani.

Ushahidi upo. Mwaka 2012 London ilizindua basi jipya la ghorofa, maridadi, lenye vioo visivyofunguka na mfumo wa kupoza hewa. Majira ya joto ghorofa ya juu iliwaka, malalamiko yakajaa, na mwaka 2015 ikaamuliwa yawekewe madirisha ya kufunguka. Marekani walikuwa wameyaona hayo kabla: mabasi yao ya mwisho wa miaka ya 1970 yaliyotegemea kiyoyozi yalikuwa tanuri pale mashine ilipogoma. Kama hayo yalitokea kwenye miji yenye baridi nusu mwaka, fikiria Kariakoo mwezi wa Februari saa nane mchana.

Kiyoyozi ni kompresa, mikanda, gesi, mapangaboi na uchafu unaoziba, vyote vikizungushwa na injini inayofanya kazi kwenye foleni bila upepo wa mbele. Kitaharibika. Swali ni abiria watapumua nini siku hiyo. Na hewa inayobadilishwa kutoka nje ni afya pia, kwani kifua kikuu husambaa kwa urahisi penye watu wengi na hewa isiyotembea.

Viti vingi au nafasi ya kusimama?

Inategemea urefu wa safari, na hapa wapangaji hukosea kwa kunakili. Safari ya dakika 15 inavumilika kwa kusimama iwapo kuna cha kushika. Safari ya saa moja na nusu kutoka Gongo la Mboto si ya kusimama, hata basi liwe laini namna gani.

Ukisoma karatasi ya mtengenezaji, angalia namba ya abiria imepatikanaje. Mmoja anahesabu watu 4 wa kusimama kwenye mita moja ya mraba, mwingine 8. Basi lile lile linaweza kuitwa la watu 90 au la watu 150. Watu 4 wanasimama kwa heshima zao. Watu 8 wanabanana kifua kwa mgongo, na kwa wanawake na wanafunzi wa kike mbanano huo una madhara wanayoyajua vizuri. Katika zabuni andika wewe mwenyewe kiwango cha watu kwa mita ya mraba, usimwachie muuzaji.

Injini mbele au nyuma?

Ya mbele inakaa pembeni ya dereva: joto, kelele na harufu ni zake kutwa nzima, na mlango wa mbele unabanwa. Ya nyuma inamtuliza dereva na abiria wengi, lakini rejeta yake iko kwenye wingu la vumbi linaloinuliwa na gari lenyewe. Kwa ruti yenye vumbi, ukichagua ya nyuma, weka kupuliza rejeta kwenye kazi za kila wiki na uhakikishe kichujio cha hewa kinavuta kutoka juu ya paa.

Dereva naye ni mtu wa kuhesabiwa hapa. Aliyechemka miguu kwa saa kumi na mbili anashika breki kwa ukali zaidi, na anayeyumba nyuma ni abiria.

Gia za mkono au otomatiki?

Kwenye foleni, otomatiki. Dereva wa daladala anakanyaga klachi mara zisizohesabika kwa siku, klachi inaungua, na kila gia inaingia kwa mshtuko unaowasukuma waliosimama. Giaboksi nzuri ya otomatiki yenye ritada ndani yake, yaani kifaa cha kupunguza mwendo bila kutumia breki za magurudumu, inaondoa mishtuko hiyo na inapunguza ulaji wa breki kwa kiasi kikubwa. Bei yake ni kubwa na fundi wake ni adimu, kwa hiyo kama mji wako hauna anayeifahamu, uliza nani atakuja, na baada ya muda gani.

Mabasi ya umeme yako tayari kwa miji yetu?

Kwa ruti zinazojulikana, ndiyo. Shenzhen nchini China ilibadilisha mabasi yake yote, zaidi ya 16,000, kufikia mwisho wa 2017. Nairobi ilianza kidogo kidogo mwaka 2022, kampuni ya BasiGo ilipoingiza mabasi ya umeme ya viti 25 kutoka BYD ya China na mpango wa mwenye gari kulipia betri na chaji kwa kila kilomita, badala ya kubeba bei yote siku ya kwanza.

Abiria anapata ukimya, kutokuwepo kwa mtetemo wa injini na kuondoka kituoni bila mshtuko wa gia. Gereji inapata gari lisilo na klachi, oili ya injini wala mikanda mingi, na breki zinadumu kwa sababu mota yenyewe inapunguza mwendo. Linapokwama ni mara chache kuwa mota. Huwa ni chaja, programu, vifaa vidogo vya umeme, au milango ile ile tuliyoizungumza. Uzito wa betri unakula matairi, na kiyoyozi kinapunguza kilomita. Kwa hiyo pima ruti yako na kiyoyozi kikiwa kimewashwa, jioni, basi likiwa limejaa.

Na gesi asilia?

Tanzania ina gesi yake, kutoka Songo Songo na Mnazi Bay, kwa hiyo wazo lina mantiki. Injini ya gesi ina kelele na moshi mdogo kuliko ya dizeli. Inahitaji plagi kubadilishwa kwa wakati na vituo vya kujaza vya kutosha. Basi linalopanga foleni ya gesi asubuhi nzima ni sawa na basi bovu.

Nimeletewa basi la Euro VI. Ni bora kuliko la zamani?

Euro VI ni kiwango kikali cha Ulaya cha moshi wa magari. Moshi wa basi hili ni msafi mno, na mapafu ya watu wa kituoni yanastahili hilo. Ila mfumo wake unataka dizeli yenye salfa kidogo sana, maji ya urea, na kichujio cha masizi kinachohitaji moto mkali ili kijisafishe. Nchi za Afrika Mashariki zilishusha salfa hadi sehemu 50 kwa milioni mwaka 2015, hatua kubwa, lakini Euro VI inapendelea 10. Zaidi ya hapo, basi linalotambaa kwenye foleni halifikishi joto la kujisafisha. Taa inawaka, injini inapunguza nguvu, na fundi anashawishika kukata mfumo mzima. Ukinunua gari hili, nunua pia kompyuta ya kulisoma na mafunzo ya wanaolihudumia.

Uhakika wa basi unapimwaje?

Kwa kilomita kati ya kukwama na kukwama, na kwa idadi ya magari yaliyotoka getini alfajiri ukilinganisha na yaliyopangwa. Mamlaka ya usafiri ya New York hutangaza kipimo hicho cha kwanza kwa umma, nami natamani miji yetu ingefanya hivyo.

New York ilijifunza kwa maumivu. Mwishoni mwa miaka ya 1970 ilinunua mabasi mapya aina ya Grumman Flxible 870. Mwishoni mwa 1980 nyufa zikaonekana kwenye fremu za chini, kwenye mitaa yenye mashimo kama yetu, mabasi yakaondolewa barabarani, yakaimarishwa, yakarudi, na mwaka 1984 jiji likayaacha moja kwa moja. Mkasa huo ulisaidia kuzaa sheria ya 1987 ya kupima mabasi mapya kabla ya kununuliwa kwa fedha za serikali kuu, na kituo cha majaribio kikaanzishwa Altoona, Pennsylvania. Afrika Mashariki ingefaidika sana na kituo cha pamoja cha namna hiyo, chenye barabara ya majaribio inayofanana na zetu.

Mfano wa upande wa pili ni Routemaster ya London, iliyoanza kubeba abiria 1956 na kustaafu huduma za kawaida Desemba 2005. Wabunifu wake waliiunda kwa alumini ili iwe nyepesi, wakaipa springi za kujitegemea mbele na giaboksi ya otomatiki zama ambazo mabasi mengi hayakuwa nazo, na zaidi ya yote wakahakikisha vipande vyake vinabadilishana. Fremu ya mbele ya gari moja iliingia kwenye bodi ya jingine. Karakana kuu ya Aldenham ililivua basi bodi, ikarekebisha kila sehemu peke yake, ikaviunganisha upya. Kasoro yake ilikuwa mlango wazi wa nyuma na ngazi, ambao mwenye kiti cha magurudumu hakuweza kuuvuka. Lakini somo la ufundi lingali hai: basi hudumu miaka 50 pale aliyelichora alipomfikiria atakayelifungua.

Gereji inahusikaje na ubunifu wa basi?

Sana. Karakana ya mwendokasi iliwekwa Jangwani, bonde la Msimbazi, na mafuriko yameifikia zaidi ya mara moja. Basi bora kuliko yote halina uhakika likilala mahali panapojaa maji. Katika kulinganisha mifumo miwili, tembelea kwanza mahali magari yanapolala.

Nina mtaji wa gari moja tu. Ninunue lipi?

Coaster au Rosa nzima, iliyokaguliwa chesisi kwa kutu, viti vya katikati viondolewe iwapo ruti ni fupi, vyuma vya kushikia viwekwe pande zote, na ngazi ya ziada ifungwe mlangoni. Kisha panga hesabu ya dereva, yaani fedha anazokuletea kila siku, ukiacha siku moja ya matengenezo kila wiki. Tajiri anayedai hesabu siku saba kwa saba analipa siku ya nane kwa winchi.

Mimi ni abiria tu. Nikae wapi nisitikisike?

Kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, siti ya karibu na katikati ya gari. Juu ya gurudumu la nyuma unapokea shimo lote, na nyuma ya gurudumu hilo linaongezeka. Mjamzito apewe siti ya katikati, si ya mbele kabisa, ingawa desturi yetu ni kumkalisha mbele.

Jiji linunue mabasi mangapi ya akiba?

Marekani huongozwa na ukomo wa asilimia 20 ya mabasi yanayohitajika saa za msongamano, kwa makampuni yenye magari 50 au zaidi. Kwa barabara na vumbi letu nisingeanza chini ya hapo. Ruti ikihitaji mabasi 100 asubuhi, nunua 120, na hayo 20 yaandikwe kwenye mkataba kuwa ni ya gereji, ili siku abiria watakapoongezeka asitokee wa kuyatoa yote barabarani na kuwaacha mafundi bila gari la kutengeneza kwa utulivu.